Uliza Tukujibu: Kuzungumza kwa jicho, kwa kidole, kwa shavu

Barua za safari hii zinahusu jambo moja. Nyumbani kuna mtu anayeelewa kila kitu, lakini mdomo hautoi neno na mikono haishiki kalamu. Wengi wameuliza kwanza bei ya mashine. Sisi tumepanga majibu kwa mfuatano wa kazi yenyewe: ndiyo na hapana, halafu herufi, halafu swichi na simu, halafu mashine za macho, na mwishoni kuirekodi sauti kabla haijakwisha. Mashine humwongezea kasi mtu ambaye tayari ana njia ya kujibu. Asiyekuwa na njia hiyo haitampa.

SWALI: Shikamooni. Baba yetu alipata kiharusi miezi 4 iliyopita na tuliambiwa kimepiga shina la ubongo. Hasemi, hasogezi mkono. Macho yanapanda na kushuka tu, hayaendi kushoto wala kulia. Ndugu wanasema hatambui kitu. Mama anasema anatambua. Tutajuaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mama ana sababu ya kusema hivyo. Kiharusi kikipiga sehemu ya mbele ya shina la ubongo hukata njia zinazopeleka amri kwenye mikono, miguu, uso na ulimi, lakini huweza kuuacha ubongo wa juu, wenye fikra na kumbukumbu, ukiwa mzima. Kinachosalia mara nyingi ni kupandisha na kushusha macho na kufumba kope, kwa sababu miendo hiyo huongozwa kutoka juu zaidi ya pale palipoharibika. Hiyo ndiyo hali mliyoieleza. Hadi hapo mtakapompima vizuri, zungumzeni mbele yake kama mbele ya mtu anayesikia kila neno. Yale yanayosemwa kando ya kitanda kuhusu gharama na mirathi, huenda ameyasikia yote.

Mpimeni asubuhi, akiwa ameamka vyema, ameoshwa, na mito imemweka wima. Kama alikuwa akivaa miwani, mvalisheni. Zimeni redio na watoto watoke. Mwambieni: "Baba, ndiyo ni kutazama juu. Hapana ni kufumba macho, tuhesabu moja, mbili." Kupepesa kwa kawaida kusihesabiwe kuwa jibu, kwa sababu kila mtu hupepesa mara nyingi kwa dakika, na anayetafuta ishara kwa hamu ataiona hata isipokuwapo.

Andaeni maswali 10 ambayo majibu yake mnayajua, 5 ya ndiyo na 5 ya hapana, yamechanganywa. "Ulizaliwa Pangani?" "Mimi ni mtoto wako wa kwanza?" "Sasa tuko Arusha?" Baada ya kila swali nyamazeni sekunde 10 hadi 15. Kimya hicho ni kigumu kwa muulizaji, na hapo ndipo wengi huharibu: wanarudia swali sekunde ya 4, mgonjwa anaanza upya kulitafakari, na jibu linapotoka halijulikani ni la swali lipi. Mtu mmoja aulize, mwingine aandike majibu bila kusema neno. Akipata 8 au zaidi, rudieni siku nyingine kwa maswali mapya. Anayebahatisha hufikia 8 kati ya 10 mara 5 hivi katika majaribio 100, lakini siku mbili kwa mfululizo ni nadra sana. Akipata 2 tu kati ya 10, msikate tamaa, kwani huenda amezigeuza ishara. Akipata 5, badilisheni saa, ulizeni kuhusu dawa zinazomlaza, chunguzeni masikio na miwani, kisha mjaribu tena.

Na Kiswahili kina mtego wake hapa. Ukimuuliza mtu "Hujashiba?" naye akajibu "Ndiyo," anasema ndiyo, sijashiba. Mwingine, hasa aliyezoea Kiingereza cha shuleni, akijibu "Ndiyo" anamaanisha nimeshiba. Mwenye mdomo hujieleza zaidi. Mwenye jicho tu hawezi. Kwa hiyo msimuulize kamwe kwa kukanusha. "Unasikia baridi?" ni swali. "Husikii baridi?" si swali kwake. Vivyo hivyo "Unataka maji au uji?" halina jibu la ndiyo wala hapana, kwa hiyo yagaweni mawili. Na asipojibu kabisa, msiandike hapana. Hajajibu.

Ndiyo yake ikishaaminika, nendeni kwenye herufi mara moja. Mtu wa ndiyo na hapana peke yake anaishi ndani ya maswali ya wenzake, na hawezi kusema jambo ambalo hakuna aliyewaza kumuuliza. Kwa kuwa macho ya baba hayaendi pembeni, njia inayomfaa ni mtu kumsomea herufi, naye anatazama juu herufi yake inapotajwa. Msisome A, B, CH hadi Z. Andikeni ubao wa mistari mitano hivi:

Mstari wa 1: A I U E O
Mstari wa 2: N K M W L
Mstari wa 3: H T Y S
Mstari wa 4: Z B D J P
Mstari wa 5: G R F CH V

Alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, na C haiji bila H, ndiyo maana herufi ni 24. Tumezipanga kwa zinavyotumika. Hesabu ukurasa wowote wa gazeti uone A inavyoziacha nyingine mbali. Msomaji anauliza, "Wa kwanza? Wa pili?" Baba akitazama juu, anataja herufi za mstari huo moja moja. Halafu kuna njia ya mkato ambayo lugha yetu inaitoa bure: baada ya konsonanti, karibu kila mara inafuata irabu. Basi baba akichagua konsonanti, msiulize mstari. Semeni moja kwa moja, "A? I? U? E? O?" Akikataa zote, kama katika MB, SH au KW, endeleeni na mstari wa 2.

Pimeni wenyewe kwa neno MAJI. Kwa kusoma alfabeti kutoka mwanzo, M ni hatua 13, A ni 1, J ni 10, I ni 9, jumla 33. Kwa ubao huu M ni hatua 5 (mistari 2, herufi 3), A ni 1, J ni 8, I ni 2, jumla 16. Kwa mtu anayechoka macho baada ya dakika 20, nusu hiyo ndiyo tofauti kati ya neno na sentensi.

Kila herufi iandikwe kwenye karatasi papo hapo, kwa sababu msomaji husahau kuliko mgonjwa. Kubashiri neno kunaruhusiwa kwa kuuliza tu: "Ni maji?" Subiri jibu. Anayemalizia sentensi ya mwenzake bila kuuliza amemnyang'anya kauli.

SWALI: Habari za kazi. Dada yangu ana ALS, ule ugonjwa wa neva za mwendo. Sauti imekwisha, mikono imekwisha, lakini macho yanazunguka pande zote vizuri na akili yake ni ileile. Nimesikia kuna ubao wa kioo cha plastiki. Fundi ataniuliza vipimo. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Huo ndio ubao tunaoupenda kuliko kifaa kingine chochote, na dada yako ndiye hasa unayemfaa. Hautaki umeme, hauharibiki kwa mvua, na unaingia naye hospitali.

Mwambie fundi wa mabango akukatie pespeksi isiyo na rangi, upana sentimita 60, urefu 45, unene milimita 3. Ikiwa nyembamba zaidi itapinda ukiishika. Katikati akate tundu la upana wa sentimita 20 na urefu 15, kingo zote zipigwe msasa zisikate mkono. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 au zaidi.

Makundi ni sita ya herufi nne nne, matatu juu ya tundu na matatu chini yake. Kwa anavyoona dada, juu kutoka kushoto: A B CH D, kisha E F G H, kisha I J K L. Chini kutoka kushoto: M N O P, kisha R S T U, kisha V W Y Z. Ndani ya kila kundi herufi ya kwanza ikae juu kushoto na iwe nyekundu, ya pili juu kulia ya buluu, ya tatu chini kushoto ya kijani, ya nne chini kulia nyeusi. Njano usitumie, haionekani juu ya plastiki. Kisha kwenye pembe nne za ubao bandika alama kubwa za rangi hizo hizo kwa mpangilio ule ule: nyekundu juu kushoto, buluu juu kulia, kijani chini kushoto, nyeusi chini kulia.

Herufi moja ni mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza unachagua kundi, wa pili unachagua rangi, halafu anarudisha macho kwako katikati ya tundu kukuambia amemaliza. M: anatazama chini kushoto, kisha pembe nyekundu. A: juu kushoto, anarudi katikati, juu kushoto tena. J: juu kulia mara mbili. I: juu kulia, kisha nyekundu. Umepata MAJI. Sehemu za katikati juu na katikati chini hazina rangi, kwa hiyo mtazamo wa pili ukielekea huko una kazi nyingine: katikati juu ni "futa, umekosea," katikati chini ni "neno limekwisha."

Hapa hatujapanga kwa zinavyotumika kama kwenye ubao wa Tanga, na kuna sababu. Kule kila herufi ina urefu wake wa kusubiri. Hapa kila herufi inagharimu mitazamo miwili ileile, kwa hiyo hakuna faida ya kuvuruga alfabeti ambayo kila mgeni anaijua.

Wewe unakaa upande wa pili, macho yako usawa wa tundu. Ubao uwe sentimita 45 hadi 60 kutoka usoni mwake. Bandika herufi pande zote mbili za plastiki, mgongo kwa mgongo, ili nawe uzisome bila kugeuza. Ukiandika upande mmoja tu utazisoma kinyume na utakosea N. Dirisha lisiwe nyuma ya yeyote kati yenu, kwa kuwa akiwa na mwanga nyuma yake huoni macho yake, na ukiwa nyuma yako yeye haoni ubao. Sema kwa sauti kila herufi unayoipokea. Wiki ya kwanza tumieni dakika 10 hadi 15 kwa mara moja, mara mbili tatu kwa siku, mkianza na majina ya watoto na jamaa. Makosa mengi ya mwanzo ni ya mpokeaji kuchanganya kushoto kwake na kushoto kwa mgonjwa. Usifikirie kushoto wala kulia. Tazama macho yanaangukia kitu gani kwenye plastiki.

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Hajui kusoma. Je, herufi zinamsaidia nini? (Mama, Kigoma)

JIBU: Mama, herufi afundishwe kama watoto wenzake, lakini leo anahitaji picha. Anza na picha 4 kwenye ubao, ziongezeke hadi 8 na 12. Michoro ya ARASAAC, mradi wa serikali ya Aragón huko Hispania, inapakuliwa bure, na programu ya Cboard nayo ni ya bure. Kosa la kawaida ni ubao wa chakula na choo peke yake. Weka "tena," "basi," "sitaki," "njoo," "nani?" na "bado." Mtoto mwenye "sitaki" na "tena" ana usemi katika kila mchezo. Nawe ukizungumza naye onyesha picha hizo kwa kidole huku ukizitaja, kutwa nzima, kwa miezi, bila kumlazimisha kujibu. Mtoto anayesema kwa mdomo husikia maneno mwaka mzima au zaidi kabla ya kusema la kwanza. Wako naye apewe muda huo wa kuona.

SWALI: Kaka yangu anasogeza kidole gumba cha mkono wa kulia tu. Ana simu ya Android. Nataka aandike ujumbe mwenyewe kwa swichi, lakini zile za kuagiza nje ni ghali mno. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Swichi yenyewe ni nyaya mbili zinazogusana. Kinachouzwa ghali ni kisanduku na jina. Unahitaji rimoti ndogo ya Bluetooth ya kupigia selfi, soketi ya milimita 3.5 kama ya hedifoni, pini yake, waya mwembamba wa mita 1.5, swichi ndogo yenye ulimi mrefu wa chuma, na fundi simu mwenye mkono mtulivu.

Kwanza unganisha rimoti na simu kabla ya kuifungua. Fungua kamera, bonyeza rimoti. Picha ikipigwa, rimoti ni nzima, na kwa simu ni sawa na kitufe cha kuongeza sauti. Sasa ifungue. Ndani utaona kitufe kidogo cha mraba chenye miguu minne. Miguu ya upande mmoja huwa imeungana tayari, kwa hiyo gusisha waya kwenye miguu miwili iliyo kimshazari. Picha ikipigwa, hapo ndipo pa kulehemu. Toa betri kwanza, ile bapa ya CR2032, na risasi isikae na moto zaidi ya sekunde 3, maana vipande vya shaba kwenye kibao huchomoka. Peleka nyaya mbili kwenye soketi, moja ya ncha na moja ya shina. Kabla ya kufunika, zifunge nyaya kwa gundi ya moto kwenye ganda. Rimoti nyingi za aina hii hufa kwa waya kuvutwa siku ya kwanza.

Swichi ndogo ina miguu mitatu. Tumia ule ulioandikwa C au COM na ule wa NO, waya wake uende kwenye pini inayoingia kwenye soketi ya rimoti. Ukitumia NC itafanya kazi kinyume, simu itadhani kidole kimebonyeza muda wote. Ifunge kwenye kipande cha mbao kinachokaa kiganjani, ulimi wa chuma ukiwa umeegemea kidole bila kukisukuma.

Kabla ya kugusa simu, mwambie kaka abonyeze mara 10 na aachie mara 10. Tazama kuachia kuliko kubonyeza. Mtu anayekakamaa hubonyeza kwa nguvu kisha kidole kinanasa, na huyo swichi hiyo itamchosha. Mhamishie kwenye goti, upande wa kichwa au shavu. Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa na ALS, aliendesha kompyuta kwa kidole kwa miaka mingi, na kidole kilipodhoofika akahamia kwenye kihisi cha mwanga kilichofungwa kwenye miwani yake kikisoma mkazo wa shavu. Hata kwake mahali pa swichi palibadilika, nanyi mtegemee hivyo.

Kwenye simu, sakinisha Switch Access, programu ya kuendesha simu kwa swichi, kutoka Play Store kama haimo, kisha ifungue kupitia mipangilio, sehemu ya ufikivu. Chagua swichi ya Bluetooth, swichi moja, na kupita kwenyewe. Itakuomba ubonyeze swichi ili iitambue. Chagua mpito wa mstari na safu: kiboksi kinashuka mstari kwa mstari, akibonyeza kinaingia ndani ya mstari, akibonyeza tena herufi inaandikwa. Weka kibodi ya Gboard kwa Kiswahili ili maneno yapendekezwe baada ya herufi mbili tatu.

Kasi ndiyo inayowashinda watu. Usikisie. Sema "sasa," pima sekunde hadi abonyeze, fanya mara 10, chukua wastani, gawanya kwa 0.65. Akitumia wastani wa sekunde 1.3, muda wa kila hatua ni sekunde 2. Ukiweka sekunde 1 atakosa nusu ya herufi, na utasema hawezi, kumbe mashine inamkimbilia. Kidole kikitetemeka, washa kile kipimo cha kupuuza mibonyezo inayorudiwa, anzia nusu sekunde.

Yatakayokusumbua ni haya. Rimoti hulala baada ya dakika kadhaa bila kazi, na mbonyezo wa kwanza huiamsha tu bila kuandika, kwa hiyo mwambie kaka mapema asije akadhani amekosea. Kitufe cha sauti cha simu yenyewe nacho kimekuwa swichi, basi panga sauti kabla. Simu iwe kwenye chaji, skrini isizime haraka, na namba ya siri iondolewe au awepo wa kuiweka. Betri za akiba ziwe mbili ndani ya droo.

Ana kompyuta ya Windows? Huko ni rahisi zaidi: fungua kipanya cha bei nafuu, lehemu soketi kwenye kitufe cha kushoto, kisha ndani ya kibodi ya kwenye skrini chagua ipitie vitufe kwa kubofya kipanya.

SWALI: Usiku mgonjwa wangu hana namna ya kuniamsha. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hili lifanyike kabla ya herufi, simu na kila kitu, kwa sababu mtu asiyeweza kuita usiku anaogopa kulala. Nunua kengele ya mlangoni isiyo na waya. Kitufe chake kilehemiwe soketi kama tulivyomweleza msomaji wa Nairobi, na kengele iwekwe kwenye kichwa cha kitanda chako. Swichi rahisi: vipande viwili vya boksi vya sentimita 10 kwa 10, kila kimoja kimevikwa foili na kuunganishwa waya, katikati sponji ya milimita 5 yenye matundu matatu ya sentimita 2. Mkono, goti au kichwa kikikandamiza, foili zinagusana. Foili huchanika pale waya ulipofungwa, basi ibane kwa skrubu na nati. Ijaribu kila jioni baada ya kumgeuza, maana ukimgeuza ubavu swichi imebaki upande mwingine. Ipo pia njia ya kuifanya kamera ya simu iwe swichi kwa kusoma mwendo wa uso, lakini usiitegemee usiku. Gizani haioni uso.

SWALI: Niko Muscat na naweza kumnunulia mama mkwe wangu kifaa cha kufuata macho nikampelekea Zanzibar. Nizingatie nini? (Msomaji, Oman)

JIBU: Kifaa hicho hurusha mwanga wa infraredi usioonekana, kikaangalia mng'ao wake juu ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na mahali ilipo mboni, kisha kikakokotoa jicho linatazama wapi kwenye skrini. Kila jambo linaloziba mng'ao huo linakiharibu. Jua la barazani ni adui wa kwanza: mwanga wa jua una infraredi nyingi, na kifaa kilichofanya kazi chumbani huenda kikashindwa ukikitoa nje. Kope zinazoanguka hufunika mboni. Miwani ya lenzi mbili hugawanya picha. Macho yanayochezacheza yenyewe hayashikiki. Na kama macho yake hayaendi kushoto na kulia, kama yule baba wa Tanga, usinunue.

Mwombe aliye naye Zanzibar afanye jaribio la bure kwanza: je, mama anaweza kuutumia ubao wa plastiki tulioueleza hapo juu? Anayeumudu ubao kwa dakika 20 huenda ana macho yanayofaa kifaa. Asiyeumudu, huenda kifaa kisimsaidie.

Ukinunua, ulizia kwanza kama programu unayotaka inakitambua kifaa hicho. OptiKey, programu ya kuandika kwa macho, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows. Windows yenyewe ina huduma ya kutumia macho tangu 2017. Skrini iwe sentimita 60 hivi kutoka usoni, iwe sambamba na uso: amelala chali, nayo iangalie chini. Mkono wa chuma wa kuishikilia unagharimu fedha na usisahauliwe kwenye bajeti, kwani kifaa kilichoegemezwa kwenye mto husogea kila anapokohoa, na kila kikisogea kinahitaji kupimwa upya na macho yake. Jicho moja likiwa zuri kuliko lingine, chagua lifuatwe hilo peke yake. Muda wa kukazia jicho ili herufi ichaguliwe uanzie sekunde 1.2, upungue kadiri anavyozoea. Ukiwa mfupi mno, kila anachokitazama kinaandikwa, naye ataanza kuogopa kutazama. Anayetazama skrini husahau kupepesa, basi kila dakika 20 afumbe macho apumzike.

Ana iPhone? Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone 12 na za baadaye zina huduma ya kufuata macho kwa kamera ya mbele. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa kifaa maalumu, lakini kwa vitufe vikubwa inatosha kujaribia kabla ya kutoa fedha. Na anayeweza kusogeza kichwa kidogo ajaribu EVA Facial Mouse kwenye Android, ya bure, inayofuata mwendo wa uso.

SWALI: Wifi yangu amegunduliwa ALS mwezi uliopita. Sauti yake bado iko ila imeanza kukokota. Tufanye nini sasa? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Mrekodi wiki hii. Msisubiri kifaa chochote. Simu inatosha, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, chumba chenye mapazia na magodoro ili sauti isirudi, feni na jenereta vimezimwa. Arekodi asubuhi, sentensi 10 hadi 15 kwa siku, akichoka aache, kwani uchovu unasikika. Kila sentensi iwe faili moja lenye jina lake: "nigeuze kushoto," "nasikia maumivu," "asante mwanangu." Lengeni 150.

Msiandike orodha ya hospitali. Mwacheni aseme anavyosema: anavyowaita watoto kila mmoja kwa jina lake la nyumbani, anavyocheka, anavyokemea, sala yake, salamu yake, na Kiswahili chake cha Kivu. Sauti za Kiswahili za kompyuta, kama ile ya Google au eSpeak NG, zitamsomea sentensi yoyote atakayoandika baadaye kwa jicho au swichi, lakini hazitasema "miye" kama yeye. Sentensi za kila siku na za wapendwa ziwe zake, mpya ziwe za mashine.

Nakala ziwe tatu: simu, kadi ya kumbukumbu, na kwa ndugu wa mji mwingine. Ubao wa plastiki utengenezwe sasa, angali anasema, ajifunze kwa kucheza na watoto, ili siku sauti itakapokwisha pasiwe na mgeni chumbani wala kifaa kigeni.